Tiwizi Haina Saa Ukutani

18 Oktoba

Mwalimu wa darasa la kina mama ametuambia tuandike kila siku, hata mstari mmoja, mkono usije ukasahau. Wenzangu wameguna. Mimi nimenunua daftari siku hiyohiyo, lenye jalada gumu. Basi na lianze na habari kubwa: mwanangu Tlaytmas amechaguliwa mwenyekiti wa ushirika wa zafarani wa wanawake wa kijiji hiki. Wanawake kumi na wanne wamenyanyua mikono. Hata jirani yangu Ijja amenyanyua, ingawa wake ulipanda polepole kama ndoo ya kisimani.

Mwanangu ana miaka ishirini na sita na shahada ya kilimo kutoka Agadir. Akishika udongo kiganjani anakwambia umekula nini na una kiu ya nini. Marehemu baba yake ndiye aliyempa hilo jina, ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema ana kaka zake, akitumaini kaka watamfuata. Hawakumfuata. Haidhuru, huyu mmoja anatosha mahali pa kumi.

19 Oktoba

Leo nimekwenda bombani mara tatu. Maji nyumbani yalikuwepo. Nilikuwa na habari.

22 Oktoba

Leo tumefungua chumba cha ushirika. Kilikuwa ghala, sasa kimepakwa chokaa, kina meza mbili ndefu, sinki la kunawia, na mashine ya kukaushia iliyo kama kabati. Tlaytmas alitugawia makoti meupe na kofia za plastiki za kufunika nywele. Ijja alivaa lake, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, kisha akapaza sauti kwa hofu, "Jamani, nani anajifungua leo?"

Wanawake walicheka hadi wakashikilia meza. Mimi sikucheka. Koti limenikaa vizuri sana. Mwenzetu Yamina, ambaye hasemi uongo, amesema nafanana na daktari.

Mpango wa mwanangu ni huu. Mpaka mwaka jana tulisaidiana kuchuma na kuchambua, lakini kila mmoja alikausha yake nyumbani ajuavyo: huyu darini, yule kando ya jiko, zafarani ikanuka moshi. Kisha Bihi mchuuzi akapita na mzani wake, akatununua mmojammoja kama kuku. Mwaka huu maua yote yatakuja chumba kimoja, yatachambuliwa siku ileile na kukaushwa pamoja. Kuna mama mwenye duka huko Casablanca ameahidi kuichukua yote, mradi iwe safi na itimize uzito waliokubaliana. Isipotimia, hachukui hata uzi mmoja.

Jioni nilipokuwa nakanda unga, Tlaytmas alikuja akasimama mlangoni pa jiko.

"Mama, nikikwambia kitu, hukipeleki bombani?"

"Mimi? Lini nimepeleka kitu bombani?"

Alinitazama tu. Kisha akasema, "Msimu huu ukianguka, ushirika umekufa. Na mimi nitakwenda Agadir. Ile kampuni ya mbegu imeniwekea nafasi mpaka mwisho wa Novemba."

Nilikanda ule unga mpaka ukawa mgumu kama kisigino. Huyu mtoto amelala bweni tangu ana miaka kumi na miwili, kisha chuo, kisha kazi za mkataba. Amerudi mwaka jana tu, mavuno yakiwa yamekwisha. Nyumba hii naijua ikiwa kimya, naijua chumba kwa chumba. Sitaki kuijua tena.

Msimu huu hautaanguka. Nimeandika.

25 Oktoba

Tlaytmas ametundika ubao ukutani, na saa kubwa juu yake. Ubao una majina yetu yote na zamu za kuchuma na kuchambua. Saa moja uliyonifanyia mimi, nakulipa saa moja kwako, haizidi, haipungui. Na kwa kuwa chakula cha mwenye shamba kinakula muda, kila mtu aje na mkate wake na chai yake. Hakuna tena mama kuhangaika na masufuria ya kuskusi siku ya mavuno. Haki tupu! Niliwaambia wote waliokuwa karibu: ubongo huo umetoka tumboni mwangu.

Ijja aliutazama ubao kwa muda. Hajui kusoma, lakini alijua ni nini.

"Na nani atatuita kazini?" akauliza.

"Ubao, Lalla Ijja," mwanangu akamjibu kwa adabu.

"Una mdomo?"

"Umeandikwa kila kitu."

"Haya." Ijja akaupungia ubao mkono. "Bwana Ubao, umeamkaje? Watoto hawajambo?"

Wakacheka tena. Yule mwanamke hawezi kuona kitu kizuri cha mwenzake akanyamaza. Wivu una dawa yake, ila haiuzwi dukani.

27 Oktoba

Mvua. Nzuri, ya taratibu, ya kuingia ardhini.

28 Oktoba

Mvua.

31 Oktoba

Ua la kwanza! Limetoka shambani kwangu, kwenye kingo ya chini kabisa ya mlima, maana mashamba yetu yamepangwa kama ngazi, zambarau, limefumba kama midomo ya mtu anayejizuia asicheke. Shamba la Ijja liko kingo za juu na hupata jua mapema, lakini la kwanza limetoka kwangu. Nimelionyesha kwa kila aliyepita njiani, na wengine ambao hawakuwa wanapita.

3 Novemba

Tumeanza. Tunatoka jua halijachungulia, kwa sababu ua likishafunguka na jua likalipata, nyuzi zake zinalegea. Baridi ya milimani inauma vidole. Lakini ukiinua kichwa ukaona kingo zote zimepata rangi ile, unasahau kama una vidole. Mwanangu anapita na kikapu huku na huku, anasema "wanachama wote wamefika kwa wakati." Wanachama! Neno kubwa lililonyooka. Mama yangu angesema tu "watu wa tiwizi," yaani wa kazi ya kusaidiana.

4 Novemba

Wote kwa wakati. Kazi imekwenda.

5 Novemba

Kazi imekwenda. Nashindwa kusema ni nini, lakini kuna kitu.

6 Novemba

Sasa najua ni nini.

Maua ya leo yalikuwa mengi kuliko ya jana. Tumekaa mezani tunachambua, kila ua unalifungua, unavuta nyuzi tatu nyekundu, unatupa lililobaki. Nikasikia tiki tiki ya saa. Nimechuma zafarani tangu nina meno ya utoto, sijawahi kusikia saa. Ndipo nikaelewa: hakuna aliyekuwa anaimba. Wanawake kumi na wanne, na Ijja mwenye sauti ya kuamsha milima akiwa katikati yao, kimya kama tumekuja kumsomea mtu khitma.

Mshale ulipofika pake, Ijja akasimama akavua koti.

"Lalla Ijja," mwanangu akamwambia, "bado vikapu viwili."

"Naviona, binti yangu. Lakini ubao unasema zamu yangu imekwisha. Mimi ni nani hata nibishane na mtu aliyesoma kama ubao?"

Akatoka. Akafuata mwingine. Akafuata mwingine. Hakuna aliyekosea hata kidogo, kila mmoja amefanya saa zake kamili. Tumebaki mimi, Tlaytmas na Yamina, tumechambua mpaka macho yakaona zambarau hata ukutani, na kikapu kimoja kimetushinda. Asubuhi kitakuwa kamasi.

Mwanangu ameniuliza, "Mama, nimekosea wapi kwenye hesabu?"

Nimemwambia hakukosea popote. Watu ndio waliokosea.

7 Novemba

Vilevile. Kikapu na nusu kimeharibika.

8 Novemba

Leo nimesema kweli, na kweli haijapokewa.

Nilimkuta Ijja bombani na wenzake. Nikamsalimu kama mtu muungwana. Nikamuuliza kwa upole kabisa kama anaona raha kuacha maua yaoze.

"Zamu yangu ilikwisha, Keltuma."

"Zamani ulikuwa unakaa mpaka ua la mwisho."

"Zamani sikuwa na zamu."

"Sema tu unaona wivu kwa kuwa mwenyekiti ametoka nyumbani kwangu!"

"Wivu wa nini? Wa saa ya ukutani?"

Hapo damu ikanipanda. Nikasema, "Bila mwanangu mngekuwa bado mnanuka moshi! Yeye ndiye aliyewafunza hata kunawa mikono!"

Maji yakafurika ndoo ya mtu, hakuna aliyefunga bomba. Ijja akaweka ndoo yake begani, akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Keltuma," akasema, "huyo mwanao, mimi ndiye niliyemnawisha siku aliyozaliwa. Wewe ulikuwa umezimia."

Akaenda. Wote wakaenda naye.

Ni kweli alimnawisha. Lakini lazima aseme mbele za watu?

9 Novemba

Wamekuja watano.

10 Novemba

Watatu, mimi na mwanangu tukiwemo. Bihi mchuuzi ameonekana na mzani wake mlangoni kwa Ijja. Tlaytmas amepima zafarani iliyokauka, akaandika, akafuta, akapima tena. Chakula cha jioni hakukigusa. Nimemsikia anaongea na simu kwa Kifaransa, na ingawa Kifaransa sikijui, Agadir ni Agadir kwa lugha yoyote.

11 Novemba

Usiku baridi kali, mchana upepo wa joto kutoka kusini. Kila mtu anajua maana yake: siku ya arusi inakuja. Ndivyo tunavyoiita siku moja katika msimu ambayo vitunguu vyote vya zafarani ardhini huamua kutoa maua kwa pamoja. Siku hiyo ukiwa na mikono mingi umetajirika, ukiwa peke yako utalia.

Yamina alikuja alasiri na lozi kidogo kwenye kitambaa. Hajawahi kuja bila kitu mkononi. Akakaa, akanywa chai, akazungumzia mbuzi wake, akazungumzia goti lake. Nikajua kuna neno. Mwisho akamgeukia Tlaytmas.

"Binti yangu, wewe hujapata kuyaona mavuno hapa, eh?"

"Niliyaona nikiwa mdogo."

"Ukiwa mtoto wa kucheza tu. Zafarani huchanua shule zikiwa wazi. Ulikuwa unakuja likizo, tumeshamaliza."

"Ni kweli."

"Basi hukuona watu wanavyoitwa." Akaweka gilasi chini. "Tiwizi huombwa, mwanangu. Kwa mdomo, mlangoni. Mwenye shamba anakwenda mwenyewe, anasimama kwenye kizingiti, anasema nimeelemewa, nisaidie. Aliyeombwa hakatai. Aliyekuja analishwa. Na aliyekula chakula chako haondoki mpaka ua la mwisho, hata mvua inyeshe mawe. Sasa wewe hujatuomba. Umetuandika. Na chakula umekiondoa. Mtu akifanya kazi hakuombwa na hakulishwa, huyo ni kibarua, na kibarua hutazama saa. Hakuna aliyekukasirikia. Wanakupa ulichoomba, basi."

Mwanangu akanigeukia mimi.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Nikasema chai imepoa, nikaenda kuipasha.

Nitasema nini? Sijui kuomba. Tangu baba yake afariki sijasimama kwenye kizingiti cha mtu. Shamba langu ni dogo, nalichuma mwenyewe, mikono miwili na mgongo mmoja. Kwa wengine nakwenda nikiombwa, nakula, naimba, namaliza. Lakini kwangu hakuna aliyeitwa. Nilikuwa najisifia hilo. Mtoto angejifunzia wapi?

12 Novemba

Kutwa nzima joto lilikuwa likipanda kutoka ardhini. Maua yamechomoza ncha kila mahali, mamia kwa mamia, yamefumba, yanangoja kesho. Shamba langu, la Ijja, la Yamina, kingo zote mpaka juu.

Baada ya alasiri Tlaytmas alitoka chumbani kwake amejifunga shela kama mtu mzima.

"Nakwenda kuomba. Nyumba zote. Lakini kwa Ijja, mama, siendi mimi. Mimi sikumtukana."

"Nani alimtukana? Nilisema..."

"Mama."

Nikavaa. Nimebadilisha vazi mara mbili, nani anakwenda kuomba amechakaa? Nikapanda njia ya juu, na njiani nikapanga maneno mazuri yenye heshima. Nikagonga. Ijja akafungua, unga mikononi. Yale maneno yote yakanikimbia.

"Ijja," nikasema, "nimekuja mlangoni kwako."

"Nakuona."

"Mlango wenyewe umepauka, unahitaji rangi. Lakini nimekuja."

Akaegemea ukuta. "Endelea."

"Unajua mimi siendi kwenye milango ya watu."

"Najua. Miaka yote hii najua."

"Basi ujue kuwa ukiniona hapa si jambo dogo. Kuna watu wangelipa kuliona."

"Keltuma, unaomba au unajisifu?"

"Naomba!" nikapiga kelele mpaka mbuzi wake wakashtuka. "Naomba, hivi ndivyo ninavyoomba! Kesho ni siku ya arusi, mwanangu ameelemewa, nami nimeelemewa, na asipofaulu ataondoka, nitabaki na zile kuta. Nisaidie. Haya, nimesema!"

Ijja alijaribu kuzuia. Nilimwona anang'ata mdomo. Kisha kicheko kikampasuka, akaketi palepale kwenye kizingiti, anacheka na kufuta machozi kwa mikono yenye unga, uso wote ukawa mweupe kama mzimu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Tulicheka kama wasichana waliovunja chungu.

"Hata kuomba unaomba kwa majivuno!" akasema. "Haya. Na maua yangu je? Mkwe wangu kajifungua juzi, hapa niko mimi na mgongo wangu. Bihi alikuja kuyataka yakiwa shambani, nikamfukuza, nikamwambia ngoja kwanza nione Keltuma atafika lini."

"Ulijua nitakuja?"

"Nilijua utachelewa."

"Tunaanza kwako," nikamwambia. "Jua linakupata wewe kwanza. Kwangu chini tutamalizia."

Akanitazama. Anajua kama ninavyojua: wa mwisho siku ya arusi huchuma kilichobaki.

"Unapika nini?" akauliza.

"Kuskusi ya maboga na kondoo, mafuta ya argan, na mkate wa kuokwa juu ya kokoto za moto. Mkate wangu unaujua."

"Chumvi unazidisha," akasema, akafunga mlango.

Chumvi sizidishi.

14 Novemba

Jana sikuandika. Leo vidole vyangu ni vya manjano mpaka kwenye kucha, na kalamu imekuwa ya manjano, na ukurasa huu pia. Niandike kwa mpangilio.

Tulipotoka nyumbani kulikuwa bado giza la alfajiri, mimi na mwanangu na vikapu, na mimi moyoni nikihesabu: Yamina atakuja, Ijja atakuja, na nani tena? Tukapanda mpaka kingo za juu. Nikasikia kabla sijaona. Walikuwa wanaimba! Ijja katikati, anatupa mstari, nao wanaupokea, na mstari wa kwanza ulikuwa wa kunisema mimi:

"Amekuja mlangoni, mlango akautukana!"

Na wote wakaitikia, "Karibu, bibi arusi, karibu!"

Ningekasirika vipi? Nilihesabu, na mimi nikiwemo: kumi na wanne kamili, na mabinti zao, na shangazi mmoja wa Ijja aliyekuja na fimbo. Tlaytmas alisimama kikapu mkononi. Ijja akampigia kelele, "Mwenyekiti! Umekuja kutukagua au kuchuma? Inama!"

Akainama. Tukainama sote. Ee Mungu, kuchuma kule! Kulia kwangu mtu, kushoto kwangu mtu, migongo imepangana kama mawimbi, vidole vinakwenda vyenyewe, wimbo unakusukuma hatua moja mbele. Shamba la Ijja likaisha. La pili, la tatu. Jua likaanza kuchungulia na sisi tunateremka nalo, linatufukuza kingo kwa kingo, na wanawake wanalipigia kelele, "Ngoja kidogo, bwana mkubwa, hatujamaliza!"

Lilitupita kwenye kingo ya tatu kutoka chini. Nikaliona linateremka kwenda kwangu. Maua yangu yote yamesimama, yanaanza kufunguka, na sisi bado tuko kwa Yamina. Nilikuwa nimesema tunaanza juu, basi tunaanza juu. Lakini Ijja aliinua kichwa, akatazama chini, akatazama uso wangu. Akavua shela yake.

"Shela!" akapiga kelele. "Mabinti, shela zote, shukeni! Yafunikeni ya Keltuma!"

Wakakimbia. Sijawahi kuona kitu kama hicho na sijui kama kuna aliyewahi. Shela nyekundu, nyeusi, za maua, mablanketi, mpaka aproni ya shangazi mwenye fimbo, vikatandazwa juu ya shamba langu kuzuia jua, na wanawake vichwa wazi katikati ya kingo wanacheka kama wendawazimu. Tulipofika kwangu tuliyachuma kutoka chini ya nguo, mkono unaingia kivulini unatoka na ua. Yaliyoharibika ni machache, ya pembeni. Hayazidi konzi.

Nilipika tangu juzi usiku, kwa hiyo chakula kilikuwa tayari. Waliketi wote barazani pa chumba cha ushirika kuzunguka masinia matatu, mwanangu akiwamiminia maji mikononi mmoja baada ya mwingine. Ijja alionja. Watu wote wakamtazama.

"Chumvi," akasema polepole, "leo iko sawa."

Halafu mezani. Maua yalirundikwa mpaka anayekaa ng'ambo humwoni uso. Tlaytmas alipanda kiti, akaishusha ile saa akaitia kabatini. "Inanipigia kelele," akasema. Ubao ameuacha, ila amefuta zamu, yamebaki majina. Hakuna aliyeondoka. Mwenye mtoto mchanga aliletewa mtoto akanyonyesha mezani, amevaa kofia ya plastiki. Watu walisimulia, wakatukanana, wakamsengenya Bihi, wakaimba. Ua la mwisho alilichambua Yamina. Akalinyanyua tukapiga vigelegele, taa ndiyo kwanza zinawashwa kijijini.

Mwanangu ameipima leo asubuhi, ilipokauka. Bado hatujaufikia uzito wa Casablanca, lakini sasa tunauona.

15 Novemba

Nzuri. Tumechuma, tumeimba. Kwa Yamina tumekula uji wa shayiri na siagi.

16 Novemba

Kwa Ijja. Amepika vizuri, nakiri. Sikumwambia.

17 Novemba

Mgongo. Furaha.

21 Novemba

Maua ya mwisho, machache, yaliyochelewa kama wageni wasioona aibu. Tlaytmas amepima mbele ya wote. Mzani ulipopita uzito wa yule mama wa Casablanca, Ijja alimnyanyua mwanangu juu, mtu mzima na shahada yake, akamzungusha. Nilipiga kigelegele ambacho, kwa mujibu wa Yamina, kimesikika mpaka barabara kuu.

24 Novemba

Yule mama wa Casablanca amekuja mwenyewe. Amenusa, amesugua uzi mmoja kwenye karatasi, kisha akasema anataka na ya mwakani.

Baada ya gari lake kuondoka kulikuwa na mkutano. Nilivaa lile vazi la pili, nikijua mwanangu atapongezwa. Akasimama na kusema, "Nawashukuru. Ila mwenyekiti ni mtu wa kugonga milango, anayejua nani kajifungua na nani ana goti bovu. Mimi najua udongo na mashine. Namtaja Lalla Ijja."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mwenyekiti! Baada ya yote niliyosema bombani! Ijja akaruka, "Mimi sijui hata kusoma!" Mwanangu akamwambia, "Wapo wanaojua." Mikono ikapanda. Nikatazama huku na huku. Wangu ulipanda polepole, lakini ulipanda, na ulipofika juu nikaona sijisikii vibaya nilivyotazamia.

Kisha wakachagua katibu. Nikakaa wima, na daftari hili nililileta makusudi. Wamemchagua Yamina.

28 Novemba

Agadir wamepiga simu leo. Tlaytmas alikuwa shambani na sisi tunapalilia vitunguu, mikono ina udongo, akaniashiria mimi nimshikie simu sikioni. Amezungumza Kifaransa, halafu katikati akachoka nacho akasema kwa lugha yetu, wote tukasikia, "Hapana, asante. Nina kazi, na nina wenzangu." Akanipa ishara nizime. Akaendelea kupalilia kana kwamba amefukuza nzi.

Niliinama haraka kung'oa gugu ambalo halikuwepo.

Sasa sikilizeni, yeyote atakayesoma daftari hili: nani mwingine katika milima hii ana binti aliyekataa kiti cha mjini, na kiti cha kijijini akampa mwenzake, na bado hakuna linalofanyika bila yeye kuulizwa? Mtajeni. Nangoja.

Mwenyekiti mpya amekwisha kuanza kutuamrisha. Alikuja mlangoni kwangu jioni hii, akasimama kwenye kizingiti, akasema chumba kinahitaji kufagiliwa kabla ya baridi kuingia, naye ameelemewa, nimsaidie. Mimi! Kufagia! Nimeshatafuta ufagio. Nitatangulia kufika kabla hajaamka.